Mashine Iliyotoka kwa Fundi Ikiwa Nzito

Hotuba kwa mafundi vijana na wanafunzi wa ufundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, mafundi wenzangu wa Kariakoo na wa mitaani, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii: habari za asubuhi, na ahsanteni sana kwa kunialika.

Niliombwa nizungumzie matengenezo ya laptopu kwa ujumla. Nimeomba ruhusa kwa mwenyekiti, naye amenikubalia, nichukue kipande kimoja tu cha somo hilo, kwa sababu ndicho kinachotugombanisha na wateja kuliko vyote. Mtu analeta mashine kioo kimepasuka. Unabadilisha, kioo kinawaka safi, analipa, anaondoka anashukuru. Kesho yake asubuhi yuko mlangoni. "Fundi, kioo sawa, lakini mashine imekuwa nzito. Haikuwa hivi." Ukimtazama usoni unaliona na lile ambalo hajalitamka: umechomoa nini humu ndani?

Neno langu la leo ni moja. Mashine iliyoingia kwa fundi nyepesi ikatoka nzito, tafuteni sababu kwenye njia ambayo mkono wa fundi umepita. Anzeni hapo, na anzeni kwa kupima. Kupiga Windows upya kuwe hatua ya mwisho kabisa. Huku kwetu imekuwa ya kwanza: mteja hajamaliza kusema "nzito", flashi imeshachomekwa na diski inafutwa. Mle ndani mna tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu, mna hesabu za duka la mtu, mna picha za mama yake aliyekwisha kutangulia mbele za haki. Vyote vinakwenda, na Windows mpya ikimaliza kujipanga mashine ni nzito vilevile, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa Windows. Jambo hili linaniuma sana, ndiyo maana nimeomba nafasi hii nilisemee.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, kabla ya flashi, tumieni mdomo. Muulize mteja: mashine ilikwenda kwa fundi kwa shida gani, na kilibadilishwa nini? Ilianza kuwa nzito siku ileile au baada ya muda? Ni nzito wakati wote, au ni pale tu inapochomekwa kwenye umeme, au inaanza vizuri kisha inachoka baada ya dakika kumi? Majibu haya yana thamani kuliko programu yoyote ya kupimia. Inayochoka baada ya dakika kumi, shuku joto. Iliyo nzito tangu inawashwa, hata mshale wa kipanya unajiburuza, mara nyingi hiyo prosesa yake, ule ubongo wa mashine, imebanwa. Inayoganda kwa vipindi, ikakaa kimya nusu dakika kisha ikaendelea na kazi yake, hiyo nitakutuma kwenye diski.

Na msidanganyike na udogo wa kazi iliyofanywa. Katika laptopu nyingi za siku hizi kibodi imepigiliwa chini ya kila kitu. Mteja atakwambia "ilibadilishwa kibodi tu", lakini ili kibodi ile itoke ilibidi betri ichomolewe, diski itolewe, feni na kipozeo cha shaba vifunguliwe, mazabodi yote, lile bamba kuu linalobeba prosesa na vijenzi vingine, inyanyuliwe. Hiyo "kibodi tu" imegusa kila kiungo cha mashine, na kila kiungo kilichoguswa kinaweza kuwa hakikurudi mahali pake sawasawa.

Ukishauliza, pima. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, kisha nenda kwenye ukurasa wa Performance. Pale pana namba ambazo mafundi wengi wanazipita bila kuzisoma. Upande wa CPU, yaani prosesa, kila mtu anatazama asilimia. Mimi nawaomba mtazame kasi, ile iliyoandikwa kwa GHz. Chukueni prosesa mnayokutana nayo sana kwenye mashine za mtumba zinazotujia kutoka Uingereza na Dubai, Core i5-8250U. Kasi yake ya msingi ni 1.6 GHz, na ikihitajika inapanda hadi 3.4. Ukiona mashine haina kazi na kasi imeshuka chini ya 1.6, usishtuke, imepumzika. Ila ipe kazi: fungua video kwenye kivinjari, fungua na faili kubwa la Excel, halafu itazame tena. Kama asilimia zimepanda na kasi imegoma kwenye 0.79 au 0.39, haisogei, basi umeshaushika ugonjwa. Prosesa imeamriwa itambae, na aliyeiamuru si Windows. Ukipiga Windows mara kumi, itatambaa mara zote kumi.

Nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Wenye chaja za Dell zile za kichwa cha mviringo, naomba mzitoe mikobani. Kigeuzeni kichwa cha chaja mkitazame kwa mbele. Mnaona bomba la chuma, na katikati yake kijisindano chembamba. Umeme wa volti 19.5 haupiti kwenye kijisindano kile. Kile ni cha mazungumzo. Ndani ya chaja mna chipu ndogo iliyohifadhi wati zake, 65 au 90 au 130, na kwa kupitia kijisindano mashine inaiuliza chaja: wewe ni nani, na una wati ngapi? Chaja ikijibu, mashine inajiachia na kufanya kazi kwa nguvu zote. Chaja isipojibu, mashine haijui chaja ile inaweza kubeba mzigo kiasi gani, kwa hiyo inajihami. Inakataa kuchaji betri, na inaishusha prosesa mpaka chini kabisa.

Sasa mfikirieni mteja aliyekwenda kubadilisha tundu la chaji. Tundu jipya limefungwa, taa inawaka, mashine inawaka, fundi ameridhika. Kumbe waya wa katikati, ulio mwembamba kuliko wote kwenye kebo ile, umekatikia ndani ya plastiki wakati wa kubana, au tundu lenyewe ni la bei ya chini na sehemu yake ya kati haigusani na pini. Umeme unafika, mazungumzo hayafiki. Mteja anarudi mtaani na mashine nzito isiyopandisha chaji. Fundi wa pili anamuuzia betri. Betri mpya nayo haipandi. Fundi wa tatu anapiga Windows. Fedha zimekwenda, kazi zake zote zilizokuwa kwenye diski zimekwenda, na shida ilikuwa kiwaya kimoja.

Kulithibitisha hili hakuhitaji kifaa cha bei mbaya. Kama betri ina chochote, chomoa chaja mashine ikiwa imewaka na uitazame kasi. Mara nyingi utaiona inaruka kutoka 0.79 kwenda juu, na hapo unajua kwamba anayeibana prosesa anatokea upande wa chaja. Kisha zima, washa huku unabonyeza F2, ingia BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, tafuta sehemu inayoeleza betri na chaja. Dell huandika pale chaja ni ya wati ngapi, au huandika kwamba haijulikani. Ikiwa haijulikani, azima chaja nyingine halisi ya wati zilezile. Ikitambuliwa, mgonjwa ni chaja ya kwanza. Isipotambuliwa nayo, mgonjwa ni tundu, au kebo yake, au njia ya mawasiliano kwenye mazabodi, na hapo ndipo unapochukua mita na kuufuata waya wa katikati mwanzo hadi mwisho. Tena mashine nyingi za Dell zinakwambia zenyewe zinapowashwa, kwa maandishi ya Kiingereza, kwamba aina ya chaja haikutambuliwa na kwamba utendaji utapunguzwa. Watu wanabonyeza kitufe ujumbe upite. Naomba kuanzia leo msome kila kinachoandikwa mashine inapowaka.

HP nao wana chaja za pini ya kati yenye kazi ya namna hiyo. Chaja za USB-C zina mazungumzo yao pia, na ukichomeka chaja ya simu ya wati 20 kwenye laptopu inayotaka 65, usishangae ikikataa kabisa au ikiwaka na kutambaa. Kwenye MacBook zenye prosesa za Intel, kuendesha mashine bila betri kunashusha kasi ya prosesa. Na kebo ya sensa au ya padi ya kugusia isiporudishwa, utakuta feni inapiga kelele na kazi iitwayo kernel_task imeimeza prosesa yote. Ukiona hivyo baada ya matengenezo, fungua tena uhesabu kebo zako.

Kuna programu, ThrottleStop ni mojawapo, inayoweza kuifanya prosesa isiisikie ile amri ya kutambaa. Kwa kupimia, sawa: ukiiwasha na kasi ikarudi, umehakikisha prosesa ni nzima na kuna kitu kinachoibana kutoka nje. Ila kumkabidhi mteja mashine ikiwa katika hali hiyo siafiki hata kidogo. Njia hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na sehemu nyingine za mazabodi kuomba prosesa ipunguze kasi pale zinapopata moto. Kuiziba ni sawa na kukata waya wa king'ora kwa sababu kinapiga kelele usiku. Tengeneza waya, tengeneza tundu, au mwambie mteja ukweli kwamba anahitaji chaja nyingine.

Nije kwenye joto. Prosesa niliyoitaja imewekewa ukomo wa nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo inajipunguza yenyewe ili isiungue, na ni jambo jema. Lakini tazameni matokeo yake kwetu sisi: kipozeo kikifungwa vibaya, mashine haitoi moshi, na mara nyingi haizimiki. Inakuwa nzito tu, kimyakimya, na fundi aliyeifunga hana habari.

Fungueni mashine yoyote mtazame skrubu za kipozeo. Mara nyingi pembeni mwa kila moja pamechapwa namba: 1, 2, 3, 4. Namba zile ni amri. Unakaza ya kwanza kidogo, unakwenda ya pili, ambayo kwa kawaida iko pembe ya mkabala, unakwenda ya tatu, ya nne, kisha unarudia mzunguko mpaka zote zikaze. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla hujagusa nyingine, kipozeo kinalalia upande mmoja na upande wa pili wa prosesa unabaki na uwazi ambao jicho halitauona. Na kila unapokinyanyua kipozeo, hata kwa dakika moja, pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, imeshaharibika. Ifute yote kwa pamba na spiriti mpaka uso wa prosesa ung'ae, kisha paka mpya, kiasi kidogo tu kinachotosha kuufunika uso ule kwa utando mwembamba. Pesti nyingi haiongezi ubaridi.

Kuna na vile vipande laini vya kijivu au vya bluu vinavyokaa kati ya kipozeo na vijenzi vingine. Navitaja kwa sababu nimeviona vimetupwa kwenye ndoo za taka za karakana nyingi, fundi akidhani ni uchafu. Vimewekwa pale kujaza nafasi yenye unene maalumu. Ukiviondoa na kupaka pesti badala yake, pesti haiwezi kulijaza pengo lile, na sehemu za umeme za mazabodi zinabaki zinaungua peke yake hali prosesa inaonyesha nyuzi nzuri kabisa.

Kupima joto, tumieni programu ya HWiNFO au Core Temp, na msitazame namba peke yake, tazameni mwendo wake. Mashine nzima ukiipa kazi nzito, joto linapanda hatua kwa hatua, linachukua muda kufika nyuzi 80 na kitu, na feni inaongeza sauti pamoja nalo. Mashine ambayo kipozeo hakijagusana na prosesa, joto linaruka. Ilikuwa 55, unafungua programu moja, sekunde ya pili iko 97, na ukifunga programu inashuka kwa haraka vilevile. Mruko huo ukiuona, zima, fungua, kinyanyue kipozeo utazame alama ya pesti. Utaona upande mmoja umekandamizwa vizuri na upande mwingine pesti iko kama ulivyoipaka. Feni nayo weka kiganja kwenye matundu ya hewa. Kama hakuna upepo na mashine inachemka, plagi yake ndogo haikuingia. Na kama kuna upepo hafifu, toa feni utazame nyuma yake, kwenye mapezi membamba ya kutolea joto. Kwa vumbi letu la hapa, mara nyingi utalikuta blanketi zima limelala pale.

RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, sitakaa nayo sana. Kwenye Task Manager, upande wa Memory, soma mambo matatu: jumla ya RAM, nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi, na kasi. Mashine iliyoingia na GB 8 kwa vipande viwili vya 4 ikatoka na 4, mara nyingi kipande kimoja hakikulala. RAM inaingizwa kwa kuinama kidogo, inasukumwa mpaka meno yake ya dhahabu yanakaribia kuzama yote, ndipo inalazwa mpaka vishikio vya pembeni vilie. Ukiilaza kabla haijazama, vishikio vinaweza kuonekana vimeshika na RAM isisomeke. Ukichanganya kipande cha kasi kubwa na cha kasi ndogo, vyote vitakwenda kwa ile ndogo. Na mashine ambayo picha zake zinachorwa na prosesa yenyewe, bila kadi ya picha ya pekee, inaumia ikibaki na kipande kimoja, hata kama GB ni zilezile, kwa sababu njia mbili za kusomea zimekuwa moja.

Diski nitakaa nayo, kwa sababu mle ndimo mna mali ya mteja.

Ukiona kwenye Task Manager diski iko asilimia 100 na kiasi kinachosomwa ni kidogo mno, chini ya MB 2 kwa sekunde, na kila ubonyezapo inasubiri, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Kwanza soma ni diski gani. Iwapo mteja alikuwa na SSD, diski ya chipu isiyozunguka, na sasa ndani mna diski ya kuzunguka, ya mizunguko 5400 kwa dakika, umemaliza uchunguzi: diski ile inasoma kama MB 100 kwa sekunde kwenye faili kubwa lililonyooka, SSD ya SATA, ambayo ni aina ya kiungio cha diski, inakaribia 500 na zaidi, na kwenye faili ndogondogo, ambazo ndizo Windows inazitafuta muda wote, tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Kama diski ni ileile, soma mistari mitatu. Mstari wa 05 unahesabu sehemu za diski zilizokufa na kuhamishwa. Mstari wa C5 unahesabu sehemu ambazo diski inahangaika kuzisoma sasa hivi. Mstari wa C7 unahesabu makosa ya njiani, kati ya diski na mazabodi.

C7 ndio ushahidi wa matengenezo. Laptopu nyingi zenye diski ya SATA huiunganisha kwa kebo bapa, nyembamba. Fundi anaponyanyua mazabodi, kebo ile inakunjwa, inabanwa na kifuniko, au plagi yake inarudi imekaa upande. Diski haina ubaya wowote, lakini kila kinachotumwa kinafika kimeharibika na inabidi kitumwe tena. Soma pia mstari wa Transfer Mode: ukiona umeandikwa SATA/150 au SATA/300 upande wa kwanza na SATA/600 upande wa pili, maana yake diski inaweza 600 lakini wamekubaliana kwenda taratibu. Huenda mashine ni ya zamani na ndiyo uwezo wake, huenda ni kebo. Iandike hesabu ya C7, itumie mashine kwa muda, isome tena. Hesabu ile haishuki hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo unachotafuta ni kama inaendelea kupanda. Inayopanda, badilisha kebo. Iliyosimama, tatizo hilo lilikwisha.

Lakini C5 ikiwa si sifuri, hapa naomba mnisikilize vizuri. Acha kila kitu. Usipige Windows, usiagize ukarabati wa diski, usijaribu programu yoyote ya kuongeza kasi. Tafuta diski nyingine na unakili data za mteja kwanza, ukianza na nyaraka na picha. Diski ya kuzunguka iliyoangushwa au kugongwa mezani wakati wa matengenezo inaweza kuwa na siku chache za maisha, na kila saa unayoihangaisha kwa mambo mengine unaila saa ya mteja. Mpigie simu, mwambie ukweli, nakili, ndipo uendelee.

BIOS ina machache. Ukichomoa ile betri ndogo ya volti 3, CR2032, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani. Tarehe inarudi nyuma miaka, tovuti zinagoma kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama havilingani na tarehe, na mteja anaita hali hiyo "intaneti nzito". Rekebisha tarehe. Angalia kama kule kupandisha kasi kwa prosesa, Turbo Boost, hakukuzimwa. Hali ya SATA, yaani namna mashine inavyozungumza na diski, ukikuta imebadilika kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake, Windows haitawaka kabisa, na hapo fundi mwingine angefuta diski wakati dawa ni kuirudisha hali ya mwanzo.

Kisha ndiyo Windows, na hata hapa kufuta si jibu la kwanza. Kama mashine ilipigwa Windows wakati wa matengenezo, saa za mwanzo itakuwa nzito bila ugonjwa: inapakua masasisho, inaorodhesha faili, inakagua virusi. Iache kwenye umeme na intaneti, ifanye kazi yake. Ikimaliza, fungua Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine. Ukikuta kadi ya picha inaitwa Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya picha, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ile, haipo, na prosesa inabebeshwa kazi ya kuchora kila kitu, ndiyo maana video zinakatakata. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine kwa namba ya mashine yenyewe. Angalia na mpangilio wa matumizi ya umeme usiwe wa kubana.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo wateja wengi wanaomba wawekewe 11 fundi akiwa tayari ameshaifungua mashine. Microsoft wanataka angalau GB 4 za RAM, GB 64 za diski na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha yao inaanzia karibu yote kwenye kizazi cha 8. GB 4 ni kiwango cha kuwaka. Mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka ukiiwekea Windows 11 umempa mtu mzigo, na akirudi kulalamika ana haki. Mwambie kabla: nunua SSD na uongeze RAM, au tukutafutie mfumo mwepesi zaidi, Linux Mint kwa mfano.

Na zile programu za kuamsha Windows bila leseni, ambazo zinazunguka kwenye flashi zetu kutoka karakana hadi karakana: nyingi zinakutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuziendesha. Jiulizeni kwa nini. Zipo zinazoacha nyuma yake programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, prosesa ikachemka usiku kucha kwa faida ya mtu asiyejulikana, na zipo zinazoiba nywila. Mteja alikuja kubadilisha kioo. Si haki aondoke na hilo.

Namalizia na karatasi. Mashine inapofika kwako ikiwa inawaka, usiipokee kwa maneno. Iwashe mbele ya mwenyewe muandike pamoja: prosesa gani, RAM kiasi gani na vipande vingapi, diski ya aina gani na namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number), afya yake inavyosomeka, chaja imetambuliwa kwa wati ngapi, kasi ya prosesa ikiwa na kazi, na joto lake. Hali ya betri utaipata kwa kuandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Itatoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Mteja apige picha karatasi ile kwa simu yake. Kama mashine haiwaki, ifungue mbele yake, apige picha lebo ya RAM na lebo ya diski. Siku ya kuichukua, rudieni vipimo vilevile yeye akiwa amesimama hapo, kabla hajatoa fedha.

Najua foleni ya wateja ilivyo, na najua mtasema hakuna muda. Muda huo utautumia tu. Usipoutumia siku ya kupokea, utautumia siku ya ugomvi, tena bila ushahidi wowote mkononi, na mafundi waaminifu wengi wamechafuliwa majina kwa RAM ambayo hawakuichukua. Ninyi ambao si mafundi, mliokuja kusikiliza kwa sababu mna mashine zenu, ombeni karatasi hiyo popote mnapokwenda. Fundi akikasirika kwa kuombwa, mashine yako irudishe mkobani.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Mashine za mazoezi ziko pale mezani, zote zimefunguliwa na kufungwa tena na zote ni nzito, kila moja kwa sababu yake. Gawanyikeni kwa makundi, kila kundi lichukue moja. Bisibisi zitabaki kwangu mpaka mniletee kwanza kasi, joto, RAM, diski na chaja, vimeandikwa.